Miaka Yangu Kando ya Bwawa

Nilijua kuua samaki kabla sijajua kuwatunza. Kwetu Muheza, mkoani Tanga, kiangazi kikikolea na vijito vya mto Zigi vikipungua maji, wazee walichuma majani ya utupa, wakayatwanga na kuyatia dimbwini. Haukupita muda samaki walipanda juu, vinywa wazi, wakizunguka ovyo kama walevi, nasi watoto tukawaokota kwa vikapu. Sheria imekataza uvuvi wa sumu, na ni haki, kwani utupa haumbagui mkubwa wala mchanga. Lakini pale ndipo nilipojifunza kwamba ukitaka kummaliza samaki huna haja ya kumgusa. Yaguse maji yake, basi.

Nilifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutafuta kibarua. Binamu yangu alikuwa mlinzi kwenye nyumba moja Oysterbay, akaniombea kazi kwa tajiri wake: kukata majani, kumwagilia maua, kufagia uwanja. Tajiri yule alikuwa na biashara ya vipuri vya magari iliyompeleka Japani mara kwa mara, na safari moja alirudi na picha za samaki wa mapambo waitwao koi. Alinieleza kwamba asili yao ni mkoa wa Niigata, ambako wakulima wa mpunga wa milimani walifuga samaki wa kitoweo, wakaona wengine wana mabaka ya rangi, wakaanza kuwachagua na kuwazalisha tangu karne ya 19. Aliyempenda zaidi ni kohaku, mweupe mwenye mabaka mekundu. Akaniambia, "Kuanzia leo hawa ni wako."

Samaki wenyewe walikuwa bado hawajafika. Kilichokuwepo ni shimo, na fundi wa Kipemba aliyekuwa akimalizia kulipiga lipu. Lilikuwa na urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kina cha mita moja na nusu; yaani lita 18,000 za maji. Tajiri alitaka samaki waingie wiki ileile. Fundi akakataa katakata: saruji mpya hutoa chokaa, na maji yenye chokaa huchoma mashavu ya samaki. Tukajaza bwawa, tukatumbukiza vigogo vya mgomba, tukaacha, tukamwaga, tukajaza tena, mpaka kipimo cha pH kikashuka.

Hata baada ya hapo subira ilihitajika. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na amonia ni sumu kwake mwenyewe. Kinachomwokoa ni bakteria wanaokaa kwenye chujio: kundi moja huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina makali. Makundi hayo huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Mwenye haraka akijaza samaki siku ya kwanza, huwa anawalaza chooni. Katika majuma yale tulianza na wachache, tukawalisha kidogo, na naitraiti ilipopanda tukatia chumvi ghafi ya Bagamoyo, kilo 3 kwa kila lita 1,000. Kloridi iliyomo kwenye chumvi huizuia naitraiti isipenye mashavuni kwa wingi.

Watu wakisikia kazi yangu huniuliza kwanza habari za ndege. Ni kweli, korongo ni mwizi. Hutua kwenye kingo, akasimama hata nusu saa bila kutikisika, kisha shingo ikafyatuka. Ila yeye huvua akiwa amesimama. Kingo zikiwa wima na kina kikianza palepale ukingoni, hana pa kuweka miguu. Ukizungusha mshipi wa kuvulia kwa mistari miwili, mmoja usawa wa goti lake na mwingine juu kidogo, huondoka. Mdiria huzuiwa na wavu. Kenge hupita kwenye bomba la kumwagia maji ya ziada, kwa hiyo huwekewa nondo nyembamba mdomoni mwa bomba. Kunguru wa Dar hushughulika zaidi na chakula cha samaki kuliko samaki wenyewe. Mambo hayo huyafanya mara moja, ukayakagua kila wiki, yakaisha.

Yasiyoisha ni ya watu wa nyumbani. Katika maisha yangu yote ya kazi, katika nyumba za Oysterbay, Upanga na Mbezi Beach, nimezika koi wengi zaidi waliouawa na mikono iliyowapenda kuliko walioliwa na mnyama yeyote.

Chukua mpira wa maji. Mtu anaona bwawa limepungua kwa jua, anafungulia bomba kwa nia njema, anaitwa jikoni, anasahau. Maji ya bomba yana klorini ya kutuulia vijidudu sisi wanywaji. Bwawani huunguza mashavu ya samaki na kuwaua bakteria wa chujio kwa pamoja. Kwa hiyo kila nyumba niliyoingia nimeweka simtanki kando ya bwawa. Maji hukaa humo siku nzima huku yakipulizwa hewa, na bomba la kwenda bwawani hutoka kwenye simtanki peke yake. Maji ya kisima nayo hayana klorini, lakini hutoka ardhini yakiwa hayana hewa ya kutosha. Hayo huyamwaga kutoka juu ili yarukeruke kwanza.

Au chukua sikukuu. Idi inafika, nyumba inajaa wageni, watoto wanapita na maandazi, na koi ni samaki asiye na haya: anakuja juu na kula mkononi. Koi hana tumbo la kuhifadhi chakula kama sisi. Kinapita moja kwa moja utumboni, ndiyo maana hulishwa kidogo kidogo. Kinachobaki huoza na kuwa amonia. Badala ya kuwagombeza watoto, nilijifunza kuandaa kopo dogo la chakula chao, nikampa mtoto mkubwa kuliko wote ukubwa wa shughuli. Kopo likiisha limeisha. Hakuna askari mkali kama mtoto aliyepewa cheo.

Kuna bustani. Nyumba moja ya Mbezi Beach waliniita wakisema samaki wao hufa kila baada ya kupogoa ua. Nilipofika sikuhitaji vipimo. Ua lenyewe lilikuwa la minyaa, ambayo utomvu wake mweupe unajulikana vijijini kwa kulevya samaki, na nyuma yake mtunza bustani alikuwa amepanda utupa kufukuza fuko. Mabaki ya kupogoa yaliachwa kwenye kingo za bwawa. Nilimsogelea yule kijana nikamuuliza kwao ni wapi, akasema Korogwe. "Kwenu hamvulii utupa?" Akanyamaza kidogo, akaishika fimbo ya minyaa iliyokuwa inachuruzika maziwa, akaitazama, kisha akaitupa mbali. Tuling'oa utupa siku ileile, na minyaa yote iliyoelekeana na bwawa ikafuata.

Lakini niliyemwogopa kuliko wote ni mpuliza dawa. Asubuhi moja aliingia kijana amebeba bomba mgongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unapuliza nini leo?"

"Mbu na mende. Mama ameagiza ndani na bustani yote. Usijali mzee, dawa hii haina madhara, hata mtoto akiivuta."

Nikaomba chupa. Ilikuwa dawa ya kiwandani ya jamii ya pareto. Kwa binadamu maneno yake yalikuwa na ukweli fulani, maana miili yetu huivunja upesi. Mwili wa samaki hauwezi, na kiasi kidogo mno kinamtosha. Pembeni ya kibandiko kulikuwa na mchoro mdogo wa mti mkavu na samaki aliyekufa. Nikauwekea kidole. "Na huyu je?"

Akacheka, akatua bomba chini. Nilimkaribisha chai, nikaenda kuzungumza na Mama. Tulikubaliana apulize ndani tu. Mbu wa nje nilimwonyesha Mama walikozaliana: kwenye visahani vya maua na kopo moja nyuma ya jiko. Bwawani hawakuwemo, kwani koi hula viluwiluwi vya mbu. Kabla kijana hajaanza nilifunika bwawa kwa turubai upande wa upepo wa bahari, nikalikandamiza kwa matofali, nikazima pampu ya hewa. Hilo la pampu wengi hawalijui: pampu ya hewa hunyonya kilichopo hewani na kukipeleka majini, dawa ikiwemo. Pampu ya kuzungusha maji niliiacha ifanye kazi, na saa chache baadaye turubai likatoka.

Mwaka 2006, maji yalipopungua kwenye bwawa la umeme la Mtera na mgao wa umeme ukatusimamishia pampu, nilijua thamani ya mlinzi wa usiku. Maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30, kama yetu ya Dar, hubeba saba na nusu tu. Mwani unaotoa oksijeni mchana huila usiku, hivyo hali huwa mbaya zaidi karibu na alfajiri, na koi huanza kuhema juu kama wale samaki wa Zigi. Tulikuwa tukichota maji kwa ndoo na kuyamwaga toka usawa wa kifua kupitia beseni tulilolitoboa matundu, mimi na mlinzi kwa zamu. Chakula tulikisitisha, kwa sababu samaki anayesaga chakula hutumia oksijeni zaidi. Mlinzi hakuacha kunitania: "Mzee, huyu mwekundu si kilo tatu? Ungempaka nazi tukalala zetu." Lakini ndoo hakuitua mpaka umeme uliporudi.

Siku hizi mgongo umechoka, kwa hiyo nafanya kazi ya kushauri. Mteja akinipigia nasema sitataja bei mpaka nikutane na kaya nzima: mpishi, dada wa kazi, mtunza bustani, mlinzi, watoto, na mwenye namba ya simu ya mpuliza dawa. Wapo wanaoona nawapotezea muda. Tajiri mmoja alitaka bwawa lenye koi kwa ajili ya harusi ya bintiye wiki iliyokuwa ikifuata; nikamwambia naweza kumpa maji na maua ya yungiyungi, samaki wangoje. Akamtafuta mtu mwingine, nami sikumlaumu, kwani fedha ni zake.

Wanaokubali kikao huwa tunakaa kibarazani, tunaanza na mlinzi, kwa kuwa yeye ndiye anayeamka na bwawa. Namfundisha kutazama vinywa kabla hakujapambazuka na kuhisi kama pampu inavuma kwa kuishika. Mwenye nyumba namfundisha jambo moja: ampe mlinzi ruhusa ya kumgongea dirisha saa kumi usiku bila kuogopa kufokewa. Nyumba ambayo ruhusa hiyo haipo, kazi yake siichukui.