DADA AGOMA KUUZA "MBUZI" WA MAREHEMU BABA, AFUNGA BREKI MPYA… KAKA AMTOA KWENYE GRUPU LA FAMILIA!

Kuna familia zinagombania nyumba, nyingine mashamba. Hii ya huko Michigan, Marekani, imegombana kwa sababu ya breki. Ndio, breki za gari. Kaka mtu kamtoa mdogo wake wa kike kwenye grupu la familia saa tano usiku, bila hata neno, na asubuhi mashangazi wakaanza kuulizana kulikoni.

Gari lenyewe ni Pontiac GTO ya mwaka 1966. Kwa wale ambao ndinga kwao ni Crown na Subaru tu, hii nayo ni mnyama. Stori yake inaanzia 1963, pale mabosi wa General Motors walipopiga marufuku kampuni zao kujihusisha na mashindano ya magari, na wakaweka kikomo cha ukubwa wa injini kwenye magari ya saizi ya kati. Jamaa wa Pontiac, akiwemo mhandisi John DeLorean, wakapata mwanya. Walichukua gari la saizi ya kati linaitwa LeMans, wakalifunga injini ya gari kubwa, ya inchi za ujazo 389, halafu wakaiuza hiyo injini kama nyongeza tu ambayo mteja anaongezea hela kidogo, kama dola 295. Kisheria ndani ya kampuni, gari halikuwa jipya. Mwaka wa kwanza, 1964, yakauzwa 32,450. Mabosi wangefanya nini tena? Hela inaingia. Kufika 1966 GTO ikawa modeli inayojitegemea, na mwaka huo peke yake yakatoka 96,946.

Inchi 389 ni kama lita 6.4. Yaani injini za IST ya lita 1.5 zinaingia nne na chenji inabaki. Nguvu ya farasi 335 kwa ile ya kawaida. Jina GTO waliliazima kwa Ferrari bila aibu, na vijana wa mtaani wakazigeuza hizo herufi wakaanza kuliita "Goat", yaani Mbuzi. Mpaka leo ukisema Mbuzi kwa wazee wa Detroit wanajua unaongelea nini.

Sasa utamu wote huo ulikuwa mbele. Kwenye kusimama, ukweli ni kwamba gari lilikuwa la kumwachia Mungu. Magurudumu yote manne yalikuwa na breki za dramu, inchi 9.5 tu, zile ambazo ukizikanyaga mara mbili tatu ukiwa kwenye mwendo zinapata moto na kuanza kukukana. Breki za diski kwenye GTO zilianza kupatikana mwaka uliofuata, 1967, na hapo napo kwa kulipia ziada. Halafu kuna kitu kibaya zaidi ambacho wengi hawakijui. Masta silinda ya 1966, yaani ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli, ilikuwa na njia moja tu. Njia moja kwa magurudumu yote manne. Mafuta yakivuja sehemu moja, hata kule nyuma kabisa, breki zote zinakufa kwa pamoja. Masta silinda ya njia mbili, ile ambayo mbele ikifa nyuma inabaki, GTO ilikuja kuipata 1967. Ukipishana kwa mwaka mmoja, umepishana na uhai.

Mzee mwenye gari alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, kwenye mji wenyewe unaoitwa Pontiac, kule mwisho wa barabara ya Woodward ukitokea Detroit. Alilinunua likiwa limetumika, miaka ya sabini, kwa mkwanja wa ovataimu. Alilipenda kuliko maelezo. Mkewe hakuwahi kuruhusiwa kuliendesha hata siku moja. Ukimuuliza sababu alikuwa anasema pedeli ni ngumu, mama hataweza. Alipoanza kuumwa akalifunika turubai gerejini, na pale likakaa miaka kumi na moja. Mzee akafariki, gari likabaki linaangaliana na jokofu bovu.

Ikabaki familia ya watu watatu. Mama, umri 68, nyumba yake paa linavuja. Kaka mtu, mhasibu, ana akili ya hela na ndiye aliyelipa madeni ya hospitali mzee alipoondoka. Na binti, nesi wa zamu za usiku, ambaye utotoni ndiye alikuwa anamshikia baba yake tochi.

Kaka akapata mnunuzi. Mkusanyaji wa magari ya zamani, dola 45,000 taslimu, kwa sharti moja: lisiguswe. Kwenye ulimwengu wa hao watu, gari ambalo bado lina injini, gia boksi na vitu vyake vya kiwandani linaheshimika kuliko lililopambwa. Hata vumbi wanataka la zamani. Na tuwe wakweli, hoja ya kaka haikuwa ya kijinga. Paa la mama lilipigiwa hesabu ya dola 18,000. Unauza chuma kilichokaa miaka kumi na moja, mama analala pakavu, chenji inabaki. Wadau wa ndinga mtabishana hapo chini, lakini wengi wenu mngeuza.

Mama akasema sawa, ila kabla halijaondoka anataka alisikie likiunguruma, na azungushwe mtaani mara moja tu. Binti akamfuata jirani yao, fundi mstaafu. Wakamwaga petroli iliyokuwa imeoza tangini. Wakabadilisha mipira yote ya mafuta, maana petroli ya siku hizi huko ina ethanoli ndani yake na inaitafuna mipira ya zamani. Wakasafisha kabureta, wakaweka plagi mpya, wakamimina oili. Breki? Fundi alikanyaga pedeli, ikarudi ngumu. Wakaongeza mafuta ya breki wakaona yameisha hayo.

Lile dude lilipowaka, majirani walitoka nje na simu zao.

Jumapili mchana, binti kwenye usukani, mama pembeni, kiunoni kila mmoja ana mkanda wa enzi hizo, ule wa kupita mapajani tu kama wa kwenye ndege. Mataa ya kwanza wakasimama vizuri. Mataa ya pili vizuri. Ya tatu, binti akakanyaga na pedeli ikaenda moja kwa moja mpaka chini, laini, kama anakanyaga godoro. Mbele yake kuna basi la shule, tupu kwa bahati, limesimama. Akapampu. Hakuna kitu. Akashusha gia kutoka ya tatu kwenda ya pili, injini ikapiga kelele, mguu wa kushoto ukatafuta ile breki ya kuegeshea iliyo pembeni kabisa chini ya dashibodi, akaikandamiza yote. Magurudumu ya nyuma yakajifunga, gari likakaa upande, likasimama likiwa limebakiza kama mita moja na nusu kufika kwenye bampa la basi. Mama hakupiga kelele. Alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili na kiatu kimoja kimemtoka.

Kisilinda kidogo cha gurudumu la nyuma kulia ndicho kilichopasuka mpira. Kitu cha dola chache. Mafuta yote ya breki yalikuwa barabarani.

Usiku ule binti hakwenda kazini. Akafungua laptopu akaagiza. Breki za diski za mbele, masta silinda ya njia mbili, na ile bakuli kubwa jeusi linalosaidiwa na mvuto wa injini ili mguu usitumie nguvu nyingi. Nyuma akabakiza dramu lakini kila kitu ndani kipya, na mabomba ya breki mapya kutoka mbele mpaka nyuma, kwa sababu Michigan wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji na chumvi inakula chuma kimyakimya. Seti nzima ikala akiba yake ya miezi kadhaa. Tairi za muundo wa zamani, zile ambazo ukikuta mfereji kwenye lami zinaufuata kama mbwa anafuata nyama, zikatoka, zikaingia redio za kisasa zenye mstari mwekundu uleule pembeni. Platini za kuwashia cheche zikapumzishwa, kikawekwa kifaa cha elektroniki ambacho kinajificha chini ya kifuniko kilekile cha zamani, ukifungua boneti huoni tofauti.

Kuna mambo aliyakataa. Watu walimshauri ang'oe ile injini aweke V8 ya kisasa, akasema hapana. Rimu kubwa, hapana. Rangi mpya, hapana, ingawa nyuma chini ya kioo kuna kutu na maji yanaingia kwenye buti. Kile kipande fundi alikikata akachomelea kingine, akapaka pale pale tu, na doa linaonekana. Gia boksi ya gia tano nayo iliahirishwa. Kwa gia nne za kiwandani, ukiwa barabara kuu kwenye maili 70 kwa saa, injini inazunguka karibu mara 3,200 kwa dakika, humsikii hata aliyekaa kando yako. Gia ya tano ingeishusha mpaka kama 2,200. Lakini bei yake ni zaidi ya breki na tairi zote kwa pamoja, na kelele haijawahi kumuua mtu kwenye mataa.

Mpaka hapo kila kitu kingeweza kurudishwa. Vyote vya zamani alivisafisha, akavifunga kwenye makaratasi, akaandika kwa kalamu ya wino kila kimoja kimetoka wapi. Kilichomchoma kaka ni matundu mawili. Ili kufunga mikanda ya kupita begani, fundi alitoboa kwenye fremu ya paa, kushoto na kulia, akachomelea vipande vya chuma vya kushikilia. Chuma kikishatobolewa hakirudi. Binti akatuma picha kwenye grupu, anaona raha. Kaka akajibu, "Umemtoboa baba." Dada naye akajibu, "Mama alikuwa amekaa hapo." Ya tatu ndiyo ile ya saa tano usiku.

Mnunuzi hata hivyo alikuja. Kaka alisisitiza. Alikuja na mkaguzi wake na tochi na kioo cha kuchungulia chini. Dakika arobaini. Akasema matundu ya mikanda yanapunguza, ndio, lakini kuna zaidi. Rangi si ya kiwandani, imepigwa upya zamani sana. Kabureta si yake. Ekseli ya nyuma ilishabadilishwa. Yote hayo alifanya mzee mwenyewe, miaka hiyo, kwa sababu alikuwa analiendesha. Bei ikashuka kutoka 45,000 mpaka 31,000. Kaka mtu akatoka nje, akakaa kwenye ngazi muda mrefu.

Hawakuuza. Si kwamba walipatana, hapana. Kaka alipiga hesabu upya akaona 31,000 bado inaezeka paa, na alisema hivyo mbele ya wote. Mama ndiye aliyegoma. Paa limezibwa kwa viraka upande wa jikoni, upande wa chumba cha wageni ndoo bado ipo. Kaka alichoomba ni kitu kimoja, vile vyuma vya zamani vikae kwake. Dramu mbili za mbele na ile masta silinda ya njia moja viko chini ya nyumba yake, kwenye sanduku la plastiki, na mkewe anasema kuna siku amemkuta anazipaka grisi zisipate kutu.

Agosti inakuja, na Jumamosi ya tatu ya Agosti ndiyo siku ya Woodward Dream Cruise, ile ya tangu 1995, ambapo barabara nzima inajaa magari ya zamani yakitembea taratibu. Binti anataka kwenda. Kinachompa presha ni foleni, maana injini ya hivyo ikikaa juani bila upepo inachemka, na rejeta ya zamani imeshaanza kutoa jasho. Anatafuta ya alumini.

Wiki iliyopita walikuwa uwanja wa maegesho wa kanisa, Jumatatu, hakuna mtu, anapima breki kwa mara ya mwisho. Mama akasema, "Ebu shuka." Alijifunza kuendesha gia za mkono kwenye pikapu ya shamba kwa wazazi wake, kabla hata hajaolewa. Akasogeza kiti mbele, akafunga mkanda begani, akakanyaga breki kwanza gari likiwa limezimwa, akaikanyaga tena. Likamzimikia mara mbili. Mara ya tatu likaondoka. Alizunguka uwanja mzima kwa gia ya kwanza, kisha ya pili, na kwenye kona ya mwisho akatoa mkono mmoja nje ya dirisha.