Kifundo cha Jiko na Alama Isemayo Urongo

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kutafuta alama katika mashairi na riwaya, tukazisahau zile za jikoni. Katika makala haya nakusudia kukizungumzia kitu kidogo ambacho aghalabu hakitajwi hata na wale wanaokigusa mara kumi kwa siku: kifundo cha jiko la gesi, kile kinachozungushwa ili kuwasha, kupunguza na kuzima moto. Ninazo sababu mbili. Kwanza, usalama wa nyumba nzima umewekwa juu yake. Pili, kifundo ni alama, na alama ndiyo kazi yetu.

Nimelelewa Mishomoroni, upande wa Kisauni, ambako mama yangu hupika mbaazi za nazi za kuuza. Tui halina simile. Likifurika hushuka juu ya jiko na kupenya chini ya vifundo. Mara ya kwanza huwa ni uchafu tu. Miezi ikipita, mafuta na mchuzi huganda ndani, na hewa ya chumvi ya pwani huongeza kutu. Kifundo huwa kizito, mpishi hutumia nguvu, na plastiki hupasuka kwa ndani ilhali kwa nje ingali nzima. Hivyo ndivyo siku moja alama ya kifundo ilivyoelekea kwenye sifuri na harufu ya gesi isikome. Mama alifunga mtungi, akafungua madirisha, kisha akanambia, "Mwanangu, jiko hili lina urongo."

Fundi alipokivuta kifundo, maana ya kauli ile ilidhihirika. Mhimili wa vali, ambao mafundi huuita shafti, si mviringo kamili. Upande wake mmoja umekatwa ukawa bapa, mfano wa herufi D, na tundu la kifundo lina umbo hilohilo ili viwili hivyo vizunguke pamoja. Tundu likipasuka au kupanuka, kifundo huzunguka peke yake: alama husema "nimefunga" na vali ingali wazi. Gesi ya mtungi nayo ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Yenyewe haina harufu ya kutosha kumtahadharisha mtu. Harufu tuijuayo hutiwa kiwandani kwa makusudi.

Hapa nilimkumbuka Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake. Alifundisha kuwa uhusiano wa kiashiria na kiashiriwa ni wa nasibu, na kwamba hudumishwa na mapatano ya jamii. Katika lugha, mapatano yatosha. Katika jiko hayatoshi hata kidogo. Sifuri iliyochorwa pale ni mapatano, lakini kinachoifanya iwe kweli ni kile kipande bapa cha chuma. Kikilegea, sote twaweza kukubaliana kuhusu maana ya sifuri na bado tukateketea.

Kwa hiyo msanifu wa kifundo ana maswali mazito. Atazuiaje mtoto asiwashe kwa kuchezea? Jibu lililozoeleka ni kifundo kinachotaka kubonyezwa kwanza ndipo kizunguke. Atazuiaje kimiminika? Hulizungushia tundu la jiko ukingo ulioinuka, akakipa kifundo upindo wa kuufunika, na pengine akaongeza pete ya mpira. Ipo hata sanifu ya kimataifa ya vifaa vya umeme, IEC 60529, ambayo tarakimu ya pili ya alama zake za IP hupima kinga dhidi ya maji. 4 humaanisha marusho kutoka kila upande. Atakazaje? Hutia kibanio cha chuma ndani ya tundu ili plastiki isibebe mzigo wote. Hata hivyo, kifundo kisichotoka hakisafishiki, na kitokacho kwa wepesi mno hakiaminiki. Usanifu bora hukaa baina ya hayo mawili.

Lililonishughulisha zaidi ni jina. Fundi alikiita swichi, muuza vipuri akakiita kifungulio, na mama husema "kile cha kuzungusha". Kijitabu cha jiko letu kilikuwa na lugha nne, Kiswahili hakimo. Kwa kukosa jina la sehemu na la umbo la tundu, mnunuzi hubeba kifundo kibovu hadi dukani na kuchagua kwa macho. Hupata kinachofanana kwa nje, kisha hukilazimisha kwenye mhimili usiokuwa wake, na urongo huanza upya.

BAKITA liliundwa mwaka 1967, na TUKI ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Tumerithi kazi kubwa ya istilahi, nasi twajivunia haki istilahi za isimu na uhakiki. Napendekeza wanachama wenzangu tuketi na mafundi wa mitaani, tuwasikilize, kisha tuandike: kifundo, mhimili, upande bapa, ukingo, kibanio. Maneno haya yakiandikwa kwenye vijitabu na kutumika madukani, mnunuzi ataweza kutaja anachokitaka kabla ya kulipa. Hadi hapo, ndugu msomaji, usikiamini kifundo peke yake: ukimaliza kupika, funga na mtungi.