Dawa Yangu Ilikuwa Kutembea

Ndugu zangu wa Pap Onditi na Nyakach nzima, nimeamua kusema haya kwa sababu wengi wetu tunaumwa miguu na kuuita uzee.

Nilikuwa sifiki sokoni bila kusimama. Shavu la mguu wa kulia lilikaza kama limefungwa kamba; nikipumzika linaachia, nikianza mwendo linakaza tena. Sukari ninayo, na sigara nilivuta tangu ujana. Nilichuliwa, nikapakwa dawa ya baridi yabisi, wapi!

Huko Kisumu daktari alinipima presha kifundoni, akailinganisha na ya mkono. Uwiano ukishuka chini ya 0.9, mishipa inayopeleka damu mguuni imekuwa myembamba. Wangu ulikuwa umeshuka. Akanieleza njia tatu: dawa pamoja na mazoezi, kupanua mshipa kwa puto na kuweka stenti, yaani kijibomba cha kuushikilia uwe wazi, au upasuaji wa kuipitishia damu njia mpya.

Nikamwomba stenti. Akaniambia, "Mzee, sikiza kwanza." Utafiti wa wagonjwa 111 uliochapishwa 2012 ulilinganisha dawa, stenti na mazoezi. Baada ya miezi 6, waliotumia dawa pekee waliongeza kama dakika 1 ya kutembea, wa stenti karibu 4, na waliofanya mazoezi chini ya usimamizi karibu 6. Wa stenti nao walisema maisha yao yamekuwa mepesi zaidi. Kila njia ina faida yake, lakini mazoezi hayana kisu.

Nikaacha sigara, maana ukivuta hata stenti huweza kuziba. Nikameza aspirini na statini, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu. Mara tatu kwa wiki nilitembea mpaka maumivu yakolee, nikasimama yaishe, nikaendelea hadi nusu saa ipite. Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Kisha misuli ikazoea kuitumia vizuri damu kidogo inayoipata, na mwendo ukarefuka. Leo naenda sokoni na kurudi kwa miguu yangu mwenyewe.

Ila mguu ukiuma usiku umelala, kidonda kikikataa kupona, au kidole kikianza kuwa cheusi, usingoje mazoezi: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hapo puto au upasuaji ndio unaookoa mguu. Wewe unayeumwa ukitembea tu, omba upimwe kifundoni, kisha uulize njia zote tatu kabla hujachagua moja.