Firenze mwezi wa Januari: baridi kali, foleni hakuna

Wadau, niko Bologna.

Mitihani ya semista imekwisha na nimevuka salama. Huku mitihani mingi ni ya mdomo, yaani wewe na profesa meza moja, uso kwa uso, anauliza, unajibu, halafu alama unapewa hapo hapo. Alama ni kwa 30, kufaulu ni 18, na hakuna cha kuchungulia kwa jirani. We acha tu! Nilipomaliza ule wa mwisho nikabakiwa na siku chache za kupumua na vijisenti vya posho, nikaamua kwenda Firenze, mji ambao wengi wetu tumezoea kuuita Florence.

Kaka yangu aliposikia hakufurahi. Akaniambia kwenye simu, "Mdogo wangu, mwalimu wa sekondari huku kwetu anahitaji nini picha za Wazungu wa miaka 500 iliyopita? Hiyo hela si ungemwongezea dogo ya chakula cha shule?" Ya dogo nilishaituma, na yeye anajua. Lakini swali la kwanza sikuwa na jibu lake, nikapanda nalo treni.

Sasa mtauliza, kwa nini Januari, mwezi wa baridi? Jibu mnalijua ninyi wote mnaoishi kwa bumu: HELA. Kuanzia Aprili mpaka Oktoba mji ule unafurika watalii na kila kitu bei juu. Januari nilipata kitanda cha hosteli kwa euro 22, chumba cha watu sita na tulikuwa wawili tu. Treni nilipanda ile ya kawaida ya mkoa, unabadilisha Prato. Ile ya kasi inatumia kama dakika 40 tu kupita chini ya milima, lakini nauli yake iko juu, na mimi haraka ya nini?

Nisiwadanganye lakini, baridi ya Firenze siyo kipupwe cha Dar. Asubuhi ilikuwa nyuzi 2, ukungu umelala juu ya mto Arno mpaka ng'ambo huioni vizuri. Nilivaa soksi jozi mbili, suruali mbili, na khanga ya mama nimeizungushia shingoni ndani ya koti. Mvua inanyesha nyembamba lakini haikomi, na saa kumi na moja na nusu jioni giza limeshaingia. Mikahawa mingine imefungwa kabisa, wenyewe wako mapumzikoni. Kwa upande mwingine, unapita barabarani unasikia nyayo zako mwenyewe juu ya mawe. Bibi anaburuza kikapu chake cha sokoni, watoto wanawahi shule. Unauona mji ukiwa na wenyewe.

Karibu na kituo cha treni kaka mmoja Msenegali alikuwa anauza miavuli. Akaniita "sorella", yaani dada, tukaongea Kiitaliano chetu cha kuunga unga. Nikamwambia nimependa mji ukiwa mtupu namna hii. Akacheka, akasema kwako mgeni ni raha, kwangu mimi mji mtupu ni mfuko mtupu, namshukuru Mungu kwa mvua. Nikanunua mwavuli. Tangu hapo kila niliposikia raha ya kutokuwepo foleni nikawa namkumbuka. Msimu usio na watalii ni nafuu kwa mfuko wangu, lakini kuna mtu njaa yake inaanzia hapo hapo.

Chakula je? Nimewapatia jibu wale mnaosema Wazungu hawali utumbo. Firenze wana kitu kinaitwa lampredotto: tumbo la nne la ng'ombe, linachemshwa mpaka linalainika, linakatwakatwa, linawekwa ndani ya mkate na mchuzi wa majani wa kijani na pilipili. Kipande cha juu cha mkate wanakichovya kwanza kwenye supu yake. Kinauzwa vibandani barabarani, unakula umesimama pamoja na mafundi ujenzi. Nilipoonja, jamani, nilijiona niko kwa mama wa supu ya asubuhi, imekosekana chapati tu! Ila mkate wao wa kawaida wa huko hauna chumvi kabisa, mkija msishtuke.

Haya, turudi kwenye safari. Nilikuwa na mwenzangu wa bweni, Mgiriki, anasoma kemia. Siku ya pili tukaenda Uffizi. Jina lenyewe maana yake ni "ofisi", maana Giorgio Vasari alianza kulijenga lile jengo mwaka 1560 liwe ofisi za watawala wa ukoo wa Medici. Leo ni moja ya makumbusho makubwa ya picha duniani. Yule Mgiriki akanieleza mambo ya tiketi: kwenye makumbusho za serikali ya Italia, kijana wa miaka 18 mpaka 25 analipa euro 2 tu, LAKINI awe raia wa nchi za Umoja wa Ulaya. Yeye mbili, mimi bei kamili. Nikajikaza, nikatoa pochi.

Dirishani mama wa tiketi akaangalia kitambulisho changu cha chuo, akauliza unasoma nini. Nikamwambia elimu, nasomea ualimu. Akaomba uthibitisho wa usajili wa mwaka huu, nikautoa kwenye simu. Akanisukumia tiketi: bure. Nikadhani amekosea, nikamwonyesha tena pochi. Akaeleza taratibu kwamba wanafunzi wa vitivo vya elimu wanaingia bure, sawa na wa usanifu wa majengo na wa utunzaji wa mali za kale. Ni kanuni ya nchi nzima kwenye makumbusho za serikali, haiangalii umekuja na pasipoti ya rangi gani, mradi umesajiliwa kwenye kitivo chenyewe. Mgiriki wangu akalipa euro 2 zake kwa uchungu. Kwi kwi kwi! Wanangu wa Elimu, mara ngapi mmesikia kitivo chetu kinakupa upendeleo popote? Sisi tuliozoea kuambiwa "kwani ulikosa kozi nyingine"?

Ndani hakukuwa na umati. Nikafika kwenye chumba cha Botticelli, penye ile picha ya Kuzaliwa kwa Venus iliyochorwa karibu mwaka 1485. Mbele yake watu wazima walikuwa wachache. Sakafuni walikaa watoto kama ishirini, umri wa darasa la tatu hivi, makoti wameyakalia, na mwalimu wao kachuchumaa pembeni ili asizibe picha. Nikasimama nyuma kabisa. Kiitaliano changu kwa maneno ya mtoto wa darasa la tatu kinatosha!

Yule mwalimu hakutaja jina la mchoraji wala mwaka. Aliuliza tu: mnaona nini? Halafu akanyamaza. Ninyi mliofanya TP mnajua ule ukimya unavyotisha, unatamani ujibu mwenyewe ili kipindi kisonge. Yeye akasubiri. Kitoto kimoja cha kiume kikanyoosha mkono, kikasema: "Anasikia baridi, hana nguo." Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikangoja kofi la meza, "nani huyo analeta utani?" Wapi! Mwalimu akamwuliza: umejuaje kuna baridi? Mtoto akaonyesha upande wa kushoto, yule mtu mwenye mabawa anayepuliza, nywele za Venus zinavyopepea. Mwalimu akauliza wengine: kuna mtu yeyote kwenye picha aliyeona kama mwenzenu? Kimya tena. Ndipo binti mmoja akapiga kelele: yule mama wa kulia! Na kweli, upande wa kulia wa picha kuna mwanamke anamkimbizia Venus joho amfunike. Yaani jibu lililochekwa ndilo lilifungua picha yote.

Wadau, nimesoma mbinu za kufundishia semista mbili. Nimeandika "mwanafunzi awe kiini cha somo" kwenye maandalio ya somo mpaka mkono ukazoea. Siku ile ndiyo nilikiona hicho kiini kimekaa sakafuni na soksi zimelowa mvua. Na kilichowezesha haikuwa projekta wala kompyuta. Kitu chenyewe kilikuwa mbele yao, na mwalimu alikuwa anakifahamu kiasi cha kutoogopa majibu yao.

Ila nikajiuliza, hizi picha zimebakije hapa, mji huu huu, miaka yote? Kumbe kuna mwanamke wa kushukuriwa. Anna Maria Luisa de' Medici alikuwa wa mwisho wa ukoo wake uliotawala Toscana. Utawala ulipohamia kwa ukoo mwingine, mwaka 1737 alisaini mkataba kwamba mali zote za sanaa za familia anaziachia dola ya Toscana, kwa sharti kwamba kisitoke kitu Firenze, ziwe kwa faida ya watu wote na ziwavute wageni. Bila ile saini, huenda wale watoto wangekuwa wanaionea Venus kwenye picha ya kitabuni, tena nyeusi na nyeupe.

Jioni mvua ilipopungua nikapita mitaa ya nyuma ya Santa Croce. Kwenye kona ya Via San Remigio na Via dei Neri kuna alama mbili ukutani, juu kabisa ya kichwa, ukinyoosha mkono hufiki. Moja ni ya mafuriko ya tarehe 4 Novemba 1333, nyingine tarehe 4 Novemba 1966. Tarehe ile ile, miaka 633 katikati! Mwaka 1966 Arno ulijaza mtaa ule maji na tope zaidi ya mita 4. Maktaba ya taifa, iliyo kando ya mto, iliharibikiwa vitabu na machapisho zaidi ya milioni 1. Nani aliyeviokoa? Vijana, wengi wao wanafunzi, kutoka Italia yote na nchi za nje. Walikuja wenyewe bila kualikwa, wakapanga mstari mrefu, wakawa wanapokezana vitabu mkono kwa mkono kutoka kwenye tope. Mpaka leo wanaitwa malaika wa tope. Wenzetu kabisa, umri wetu. Nikasimama pale na mwavuli wangu wa Msenegali nikiwafikiria, vidole vimekufa ganzi.

Usiku hosteli ndipo jibu la kaka likaja. Nilimwandikia hivi: ni kweli, Botticelli hatamsaidia mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Lakini nimeona mtoto akikalishwa mbele ya urithi wake na kuulizwa anaona nini, na hilo nalitaka kwa wa kwetu. Sisi tuna vya kuwakalisha mbele yake? Tunavyo. Kipo hata kisichokuwa na bahati ya kuwa na Anna Maria wake: yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, mkoani Lindi. Wajerumani walimchimbua kati ya 1909 na 1913, na leo amesimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mtoto wa Lindi akitaka kukaa sakafuni mbele yake anahitaji viza.

Lakini vingine havijaenda popote. Kituo cha kihistoria cha Firenze kiliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1982. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia 1981. Mmeona hapo? Kilwa imetangulia! Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, miaka miwili kabla ya yale mafuriko ya kwanza ya ukutani. Husuni Kubwa ya masultani wa Kilwa ni ya karne hiyo hiyo ya 14. Wangapi kwenye kozi yetu ya Historia tumekanyaga pale? Tunafundishwa kwa noti, tunaenda kufundisha kwa noti, na mtoto anakariri "biashara ya dhahabu ya Kilwa" kama anavyokariri fomula.

Na tusiende mbali. Ukimwambia mtu Dar "nashukia Makumbusho", anaelewa stendi ya daladala. Jina lile limetokana na Kijiji cha Makumbusho, ambapo kuna nyumba za asili za makabila yetu zimejengwa kwa udongo, miti na nyasi, ukubwa wake halisi. Tunapita pale kila wiki tukigombania siti.

Kwa hiyo naleta hoja. Mwezi wa saba narudi, na kabla ya TP kuanza nataka Jumamosi moja tuingie Kijiji cha Makumbusho, watu kumi wanatosha. Kila mmoja achague nyumba moja na aandae swali moja tu la kumwuliza mtoto, lile la kuuliza na kunyamaza. Tukiweza hilo, tunachangishana nauli ya basi la Kilwa, na mtumbwi wa kuvukia kisiwani tutauulizia hukohuko.

Nani yupo? Majina nianze kuandika. Kesho vipindi vinaanza na nje kunanyesha theluji ya majimaji, ngoja nikalale.

Tuko pamoja!