Ningekufundishia Kichwa Gani?

Wiki iliyopita nilimnyoa binti yangu. Nilimkalisha kwenye kigoda uani, nikamfunga kanga mabegani, nikaanza kwa mkasi na kumalizia kwa mashine. Kazi yote ilichukua kama dakika 20. Nywele zilizoanguka zilikuwa za miezi minane, nami nilizijua vizuri kwa sababu nilishiriki kuzilea: tulizipaka mafuta, tukazichana, tukazisuka na kuzifumua, wiki baada ya wiki. Siku ya pili yake alikwenda kuripoti kidato cha tano katika shule ya serikali ambayo fomu yake ya maelekezo, katika kipengele cha usafi, inasema kuwa mwanafunzi wa kike atakuwa na nywele fupi wakati wote.

Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu. Nimeandika mara nyingi juu ya ukoloni wa fikra, na baadhi yenu wasomaji wangu mmenipongeza kwa ukali wa kalamu. Siku ile kalamu haikunifaa kitu. Nilishika mkasi kama alivyoushika mama yangu, kwa amri ile ile, na ndiyo sababu ya makala haya.

Turudi nyuma hadi Novemba. Alipomaliza mtihani wa kidato cha nne, binti yangu alirudi nyumbani na ombi moja: nywele zikishaota, nimpeleke saluni akawekewe dawa. Nilitaka kumkatalia, lakini neno likanikwama kooni, maana kichwa changu chenyewe kilikuwa na dawa. Niliianza mwaka 1998, baada ya kumaliza kidato cha sita, mara tu nywele zilipofikia urefu wa kushikika. Kabla ya hapo nilikuwa nimenyolewa kwa miaka 13: saba ya msingi na sita ya sekondari. Nilipomuuliza kwa nini anataka dawa, alinijibu kwa maneno yaliyonikata maini: “Mama, mimi sijui kuzitunza hizi.”

Hakusema ni mbaya. Alisema hajui. Nami, mwenye shahada tatu, sikujua pia.

Likizo ya Desemba tukaenda Muheza kwa mama yangu. Kabla ya safari nilinyoa nywele zangu zenye dawa zote, ili tuanze sote wawili mahali pamoja. Kazini kwangu watu watatu walinipa pole na kuniuliza nimefiwa na nani. Sikuwalaumu, kwa kuwa katika jamii zetu nyingi mtu mzima anayenyoa kichwa chote huwa na msiba. Mkubwa mmoja wa ofisi yeye hakunipa pole. Aliniuliza kama siku ya kupokea wageni nitakuwa nimeshatengeneza nywele.

Mama alitukalisha kwenye mkeka chini ya mwembe, mjukuu katikati ya magoti yake na mimi pembeni. Alikuwa na chanuo la mti, bakuli la mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, na uzi mweusi. Akaanza kutaja majina huku vidole vikienda: mabutu, ukili, nywele za uzi, twende kilioni. Huu wa mwisho ni mistari myembamba inayotoka kwenye paji la uso kwenda kisogoni. Mama alieleza kwamba habari ya msiba haimpi mtu nafasi ya mapambo, kwa hiyo husukwa msuko wa haraka na wa heshima, kisha safari ikaanza. Akanisogezea upande wa kushoto wa kichwa cha mjukuu wake, akaniambia niumalizie.

Sikuweza. Vidole vyangu viligongana kama vya mtoto anayejifunza kushika kalamu. Nilimwambia, kwa utani uliochanganyika na uchungu, kwamba hakunifundisha. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwanangu, ningekufundishia kichwa gani? Kila mwisho wa mwezi nilikupeleka kwa kinyozi. Mtoto hujifunza kwenye kichwa chake na vya wenzake. Ninyi vichwa hamkuwa navyo.”

Nimefundisha kwa miaka mingi kuhusu namna utamaduni unavyorithishwa, na sikuwahi kuusikia ukielezwa kwa ufupi kiasi hicho. Kiswahili chetu kinatumia kitenzi kimoja, kusuka, kwa nywele, kwa ukili wa mkeka na hata kwa mpango. Kote humo kuna mikono inayofanya kazi na mdomo unaozungumza. Katika ule muda wa saa mbili mtoto hawezi kuinuka, na mkubwa hana pa kukimbilia, ndipo husimuliwa nani alimwoa nani, shamba lipi lilipotea kwa sababu gani, na msichana ajihadhari na nini. Tulidhani tunanyoa nywele tu, kumbe tulifunga pia na darasa hilo.

Katika miezi minane iliyofuata tulijifunza, kwanza kwa mama na kisha kwa kusoma. Nywele yenye msokoto mkali, ukiitazama kwa hadubini pale ilipokatwa, si duara, imebapa. Hujipinda kila hatua, na mafuta ya ngozi ya kichwa hupata shida kuteremka hadi nchani. Kwa hiyo hukauka upesi, na hukatika penye mapindo. Msuko huzifunga ncha zisisuguane na nguo na vumbi, huhifadhi unyevu, na humpunguzia mtu kuchana kila siku. Bibi zetu hawakuwa na hadubini, lakini walijua kuziloanisha nywele kabla ya kuzichana, kuanzia nchani kwenda kwenye shina, na kuusuka msuko bila kuuvuta. Msuko wa kuvuta hung'oa nywele za pembeni, na zikishang'olewa kwa miaka mingi huenda zisirudi. Mama husema kichwa kilichosukwa vizuri hulala usingizi.

Dawa niliyoitumia kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ya aina inayofanya kazi kwa sodiamu haidroksaidi, kemikali ile ile ya kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba. Oktoba 2022 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497: waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja walikuwa na uwezekano wa zaidi ya maradufu wa kupata saratani ya mji wa mimba kuliko ambao hawakuzitumia. Uhusiano huo haujathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, wala sitaki kumtia hofu msomaji yeyote. Nataka tu tujiulize kwa nini binti wa miaka 17 anafika kwenye dawa hiyo akiwa hajawahi hata mara moja kufundishwa njia nyingine.

Nywele katika ukanda wetu zilikuwa maandishi. Morani wa Kimasai hufuga nywele na kuzipaka udongo mwekundu, na siku ya sherehe ya eunoto mama yake humnyoa, naye huanza safari ya kuingia utu uzima. Rwanda, vijana wa kiume na wasichana ambao hawajaolewa walichonga nywele zao katika mtindo wa amasunzu, wenye matuta kama mwezi mwandamo. Wapiganaji wa Mau Mau waliacha nywele zijisokote msituni, na picha ya Dedan Kimathi siku aliyokamatwa, Oktoba 1956, inamwonyesha hivyo. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepanda hadi cheo cha juu kabisa katika jeshi lile, alibaki na nywele zake za msituni kwa miongo kadhaa baada ya uhuru, na akakubali zikatwe Aprili 2022 tu, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Zilikuwa kumbukumbu ya madai ambayo kwake yeye hayajalipwa. Katika mifano hii hata kunyoa kuna maana, kwa sababu anayenyoa anajulikana, na siku yake inajulikana. Kunyoa kwa fomu ya shule hakumwambii mtoto chochote isipokuwa kwamba kinachoota kichwani mwake ni kero.

Nakumbuka katika sekondari niliyosoma, ambayo sitaitaja, tulikuwa na wenzetu wachache wenye asili ya Asia. Wao hawakunyolewa. Walizifunga nywele zao mkia, wakapita mbele ya mwalimu wa zamu bila kuulizwa. Tulilala mabweni yale yale na kuchota maji kisima kile kile. Hakuna aliyetueleza tofauti, nasi hatukuuliza. Tulielewa wenyewe, na elimu tuliyojipa kwa kimya chetu ilikuwa mbaya kuliko ambayo wangetupa kwa maneno.

Baadhi ya wanafunzi wangu wanaharakati, wakifika hapa, huwa tayari wameshaandika bango. Naomba tutulie. Darasani kwangu niliwahi kumsikia kijana akimwita mwenzake “mtumwa” kwa sababu ya wigi, na kuhitimisha kwa methali: mwacha mila ni mtumwa. Nilimkumbusha kwamba nchi hii ilishapita njia hiyo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kupiga marufuku sketi fupi, wigi, suruali za kubana na krimu za kubadili rangi ya ngozi, kuanzia Januari 1969. Nia ilitajwa kuwa ni kulinda utamaduni wa Mwafrika. Matokeo yake, wanawake walisumbuliwa mitaani na vijana waliojipa kazi ya kuwakagua. Ukitazama kwa makini, ofisi inayotaka nywele zinyooke, shule inayotaka zinyolewe na kijana anayetaka ziwe za asili wanaafikiana katika jambo moja: kwamba kichwa cha mwanamke ni mali ya umma, na kila mtu ana haki ya kukitolea waraka. Mila inayoshikwa kwa kuogopa bango haina tofauti kubwa na kunyolewa kwa kuogopa fimbo.

Wala sitaki kuwadharau walimu. Rafiki yangu mkuu wa shule ya bweni alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: “Nina wasichana zaidi ya 600 na mabomba mawili ya maji. Wataziosha wapi? Mwenye wazazi maskini atamlipa nani amsuke?” Hizo ni hoja za kweli. Lakini ya kwanza ni hoja ya maji, na tukiijibu kwa wembe tutaendelea kuwa na wasichana walionyolewa na mabomba mawili. Ya pili inajibiwa na mkeka wa mama yangu. Twende kilioni husukwa bila kuongeza nywele za dukani, hakuna hata cha kununua zaidi ya mafuta kidogo, na wasichana hao wanaweza kusukana wenyewe Jumamosi alasiri. Usawa uliopatikana kwa kunyoana unaweza kupatikana pia kwa kusukana, tena ukaacha ujuzi nyuma yake.

Mahakama za majirani zetu zimeanza kuligusa jambo hili. Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumzuia shuleni msichana wa imani ya Rastafari kwa sababu ya nywele zake kulivunja haki zake. Mei 2023 Mahakama Kuu ya Malawi iliagiza watoto wa imani hiyo wapokewe katika shule za serikali. Nilifurahi, na bado nikabaki na swali. Watoto hao walikingwa na dini yao. Mtoto asiye na hoja ya dini, ambaye hoja yake pekee ni kwamba hivi ndivyo alivyoumbwa, nani atasimama kumtetea?

Kwa ndugu zangu mlioko wizarani, kwenye halmashauri na kwenye bodi za shule, ombi langu ni dogo. Simtaki mkuu wa shule aruhusu rasta za dukani, wala rangi, wala dawa. Naomba katika fomu ya maelekezo, baada ya maneno “nywele fupi”, paongezwe maneno matatu: “au zilizosukwa mistari.” Msichana na mzazi wachague. Atakayependa kunyoa, kwa ajili ya joto au wepesi au mapenzi yake tu, anyoe kwa amani.

Mtaniuliza kwa nini basi sikukataa. Nilifikiria kumwandikia mkuu wa shule. Binti yangu ndiye aliyenikataza. Alisema hataki kuingia shule mpya akiwa kesi. Nilimwelewa, nikaona aibu, kisha nikachukua mkasi. Lakini kabla sijaanza aliniomba nisubiri, akachukua kioo, akazisuka mwenyewe twende kilioni kwa mara ya mwisho, kichwa kizima, peke yake, bila kunishirikisha. Alipomaliza akampigia bibi yake simu ya video kumwonyesha. Bibi akamwambia mstari wa tatu umepinda, aurudie.

Akaurudia. Kisha akaniambia nikate.