Pikipiki ya injekta inapokosa sailensi

Kimya kilikuwa cha testi, wiki mbili mfululizo, na huku tunajiandaa kwenda BTP, yaani ni mbio tu. Leo naomba niweke pembeni habari za chuo niwaletee kisa cha pikipiki ya kaka yangu. Kimenionyesha kitu kuhusu kazi ya ualimu ambacho kwenye lekcha kilinipita juu juu (wahadhiri mnisamehe, teh teh teh).

Kaka anaendesha bodaboda hapa Dodoma. Chombo chake ni Honda ya sisi 125 yenye injekta, aliipata mnadani, mtumba, baada ya mradi mmoja kufunga ofisi. Hiyo pikipiki ndiyo inamlisha yeye, wifi na watoto wawili, na ndiyo inayojazia kwangu boom linapokata. Kwa hiyo ikilala, tumelala wengi.

Basi bwana, ikaanza vituko. Asubuhi inawaka vizuri kabisa. Ikishapiga tripu mbili tatu ikapata moto, akifika kwenye mataa akiachia mafuta tu, inatetemeka, inashuka, inazima. Yaani haina sailensi, kama mafundi wanavyosema: haitulii ikiwa imesimama bila kuvutwa mafuta. Hebu fikiria uko katikati ya makutano, abiria mgongoni, lori nyuma yako linapiga honi! Fundi mmoja akaitazama dakika tano, akasema throto bodi imekufa, ilete laki nne. Kaka akaanza kutafuta wa kumkopa.

Nikamwambia, "Kaka, subiri. Tusinunue kitu mpaka tujue kinachoumwa." Darasani tunafundishwa kwamba mtoto akifeli hesabu, humrudishii mada yote upya wala humchapi. Unampa maswali machache ya kupima, moja moja, mpaka ujue amekwama kwenye sehemu au kwenye kugawanya. Nikaona hata pikipiki inastahili heshima hiyo.

Tukaenda kwa fundi mwingine, mzee mmoja mtulivu, ambaye alikubali tupime pamoja. Kwanza akatueleza tofauti. Kwenye kabureta sailensi unaiweka kwa skrubu, umemaliza. Kwenye injekta kuna kontrol boksi inayosoma sensa: hewa inayoingia, joto la injini, mkono wa mafuta umefunguka kiasi gani. Ikishajua hayo ndiyo inaamua nozeli imwage petroli kiasi gani. Ukiachia mafuta, kipepeo cha throto kinajifunga, na injini inapumua kupitia kinjia kidogo cha pembeni. Kwenye pikipiki nyingi kinjia hicho kina valvu yake inayoongozwa na kontrol boksi. Ndiyo maana mzee alisema ile skrubu ya throto iliyopakwa rangi kiwandani isiguswe. Ukiizungusha, sensa ya throto inaanza kusoma sifuri ya uongo na unaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Tukaanza na vya bure. Taa ya injini kwanza. Ukiwasha swichi inatakiwa iwake kidogo kisha izime. Kukiwa na hitilafu ya umeme inamweka, na unahesabu: kwenye Honda mmweko mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Mifupi minane ni sensa ya throto. Mirefu miwili na mifupi tisa, yaani 29, ni ile valvu ya hewa ya sailensi. Ya kaka ikawaka, ikazima, kimya. Kaka akafurahi, "Si unaona, haina tatizo!" Mzee akacheka. Taa inajua waya na sensa tu. Uchafu, hewa inayovuja au valvu iliyobana haivioni. Hapo nikawakumbuka wale wanafunzi wa nyuma wasionyoosha mkono hata siku moja. Kimya chao siyo ushahidi kwamba wameelewa.

Betri ikafuata, maana injekta bila umeme safi haina lolote. Imelala ilisoma volti 12.5, injini ikiwaka na kuvutwa kidogo ikapanda mpaka 14. Safi, chaji ipo. Ekilina tukaitoa, na kwa vumbi hili la Dodoma lilitoka la kutosha kupandia mchicha! Tukasafisha, tukarudisha, hali ile ile. Plagi ilikuwa na rangi ya kahawia, haikuwa nyeusi ya masizi wala nyeupe ya kuungua, maana yake mchanganyiko wa hewa na petroli hauko mbali sana. Petroli nayo tukaihoji, maana uchakachuaji tunaujua, ndiyo maana EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Lakini kaka hanunui ya chupa, na tulipojaza kutoka kituo kingine hakuna kilichobadilika.

Kisha hewa ya wizi. Kati ya throto na injini kuna kiungio chenye raba. Kikipasuka, hewa inaingia bila sensa kuipa hesabu sahihi na sailensi inayumba. Mzee alinyunyizia maji kidogo kuzunguka kile kiungio injini ikiwa inaunguruma. Kama kuna ufa, mlio unabadilika. Haukubadilika. (Wengine hutumia sprei ya kusafishia kabureta. Hiyo inashika moto, na ekzosi iko pale pale, sasa shauri yako.) Throto ikafunguliwa, ikasafishwa ule utando mweusi. Sailensi ikaongezeka kidogo ikiwa baridi, ila ikipata moto inazima tena.

Sasa angalia: kila tulichopima kilikuwa kimetuondolea mshukiwa mmoja, na tulibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ingekuwa tumefanya vyote kwa mpigo tusingejua nini kimesaidia nini. Na dalili ilikuwa ile ile: baridi nzima, moto mgonjwa. Mzee akamgeukia kaka, "Hii tapeti zilibanwa lini?" Kaka akakumbuka. Miezi miwili nyuma zilikuwa zinalia, kijana mmoja akazibana mpaka zikanyamaza.

"Mwalimu," mzee akaniambia, "tapeti inayolia kidogo ina afya. Iliyonyamaza kabisa ndiyo ya kuogopa."

Sababu ni hii. Kati ya tapeti na valvu lazima pabaki nafasi ndogo sana, kwenye pikipiki ndogo ni kama sehemu ya kumi ya milimita, na namba kamili iko kwenye kitabu cha pikipiki yako. Chuma kikipata moto kinatanuka. Nafasi isipokuwepo, valvu haifungi sawasawa na mgandamizo unavuja. Injini ikizunguka kwa kasi, muda wa kuvuja ni mfupi, huwezi kugundua. Kwenye sailensi nguvu ni kidogo na muda ni mrefu, ndiyo maana inazimia pale. Ukiiacha hivyo, valvu ya ekzosi inaungua, na hapo unafungua kichwa cha injini.

Ikaachwa usiku kucha ipoe, maana tapeti hupimwa injini ikiwa baridi na pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo. Asubuhi fila ya ekzosi haikupita hata ile nyembamba kabisa. Mzee akaiweka kwa kipimo cha kitabu, akafunga. Kaka alikwenda mjini na kurudi mara tatu, jua la saa saba, haikuzima hata mara moja. Gharama: elfu kumi na tano na soda.

Huku kwetu kabureta bado ndiyo mfalme wa vijiwe. Ila India, zinakotoka pikipiki nyingi tunazopanda, ilianza viwango vya BS6 Aprili 2020 na karibu pikipiki zote mpya za huko zikahamia injekta. Zitatufikia tu, na mafundi wetu watakuwa na vishawishi vingi vya kubadilisha vifaa vya laki laki kwa kubahatisha.

Kwenye BTP nitapewa darasa la watoto wengi, na baadhi yao watakuwa wameshaambiwa na walimu kwamba hawafai. Laki nne ya kaka ilikuwa hukumu ya dakika tano. Mtoto akihukumiwa hivyo hana hata pa kwenda kupimwa upya. Nimeshaandika kwenye daftari langu la maandalio: anza na vya bure, pima kimoja kimoja, na aliyekaa kimya umpime kwanza.

Haya wadau, nawahi lekcha ya saa nane. Mwenye pikipiki ya injekta aniachie maoni, yako inasumbua wapi? Inshallah tutaonana wiki ijayo.