"Madamu, mbona kompyuta imehesabu saba?"

Najua nimepotea, ila si kwa kupenda. Nilikuwa TP, wiki nane nzima, kwenye shule moja ya kata nje kidogo ya mji, nikifundisha Hisabati kidato cha tatu. Nimerudi chuo juzi, vumbi bado halijaisha kwenye viatu, na ripoti inanisubiri. Kabla sijaiandika kwa lugha ya wakubwa, ngoja niongee na nyie kwa lugha yetu.

Leo mada ni lahajedwali. Msikimbie jamani! Ni lile jedwali la kwenye kompyuta lenye visanduku vingi, ambalo wengi wetu tunaliita Excel hata pale tunapotumia LibreOffice. Mtaani linajulikana kama kitu cha wahasibu. Shuleni ni kitu cha mwalimu wa taaluma, anajumlishia alama na kupanga nani wa kwanza, nani wa mwisho. Yaani mwanafunzi analiona likiwa limeshamhukumu tayari. Mie nasema wapewe wenyewe walishike, maana linaweza kuwafundisha kufanya kazi pamoja kuliko maneno yetu mengi ya "kaeni kwenye vikundi". Ila lina sharti lake, nitalifikia.

Kwanza historia kidogo. Wazo la lahajedwali la kompyuta lilizaliwa darasani. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa anasoma shahada ya uzamili ya biashara Harvard, Marekani. Mahesabu yalikuwa yanaandikwa ubaoni, na ukibadilisha namba moja tu, inabidi ufute na kukokotoa upya kila kinachoitegemea. Akawaza, vipi kukiwa na ubao unaojikokotolea wenyewe? Yeye na Bob Frankston wakatengeneza VisiCalc, ikaanza kuuzwa mwaka 1979. Kwa hiyo mtu akikuambia hiki ni kifaa cha ofisini, mwambie kilianzia mbele ya ubao wa chaki.

Sasa darasa langu. Wanafunzi 48, kompyuta zinazowaka nne, intaneti hakuna. Mada ilikuwa takwimu. Nikagawa vikundi vinane vya watu sita, kila kikundi kikaenda genge au soko tofauti kuuliza bei ya kilo moja ya maharage, mchele na sukari. Wakirudi, vikundi vinne vinaingiza namba kwenye kompyuta, vinne vinakokotoa wastani kwa kalamu na karatasi, kisha wanabadilishana. Faili moja, nikalisambaza kwa flashi, kila kikundi kina mstari wake. Na ndani ya kikundi mmoja anasoma namba, mmoja anaandika, mmoja anakagua, na kila dakika kumi wanapokezana. Hapo kwenye kupokezana nilikuwa mkali kama mwalimu wa zamu, maana mnajua ilivyo, kijana mmoja mjanja akishika kipanya hakiachii mpaka kengele.

Ikafika zamu ya maharage. Kompyuta ikatoa wastani wa shilingi 3,043. Karatasi zikatoa 3,100. Darasa zima likageuka kuiangalia kompyuta kwa heshima, na yule kijana wanayemwita Profesa akatangaza: "Kompyuta haikosei. Nyie wa karatasi rudieni."

Wakarudia. Ikaja ileile, 3,100.

Ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa wiki tatu sikuwahi kumsikia akiongea bila kuitwa jina, akasogea hadi kwenye skrini. Akahesabu kwa kidole. Akasema taratibu, "Madamu, mbona namba zote zimeegemea kulia, halafu hii moja imeegemea kushoto?"

Kikundi cha nane kilikuwa kimeandika bei kama tunavyoandika dukani: 3500/=. Kwetu sisi hiyo ni bei. Kwa lahajedwali hayo ni maandishi, na maandishi hayamo kwenye wastani. Halipigi kelele wala halitoi onyo, linayaruka tu. Namba saba zilizobaki jumla yake ni 21,300. Gawa kwa saba, unapata 3,043. Ongeza ile 3,500 inakuwa 24,800. Gawa kwa nane, 3,100 kamili. Tukaweka kanuni ya kuhesabu ni namba ngapi zimo kwenye safu. Ikajibu: 7. Hapo yule binti akauliza swali niliouweka kuwa kichwa cha habari, na darasa likalipuka.

Mhadhiri aliyekuja kunikagua alikuwa amekaa nyuma siku hiyo hiyo. Kwenye fomu yake akaandika darasa lina kelele. Kweli ilikuwepo, sibishi. Ila ilikuwa kelele ya watoto 48 wanaobishana kuhusu wastani, tena kwa Kiswahili ingawa vichwa vya safu vyote vilikuwa Kiingereza. Profesa alikuwa anamuuliza binti wa nyuma, "Umeonaje?" Na binti anamweleza. Hiyo alama kwenye fomu itanigharimu, lakini nikipewa kipindi kile tena nitakirudia hivyohivyo.

Na msidhani mambo haya ni ya kidato cha tatu tu. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa andiko lililosema nchi zenye deni la serikali linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi wake ulikua kwa wastani wa asilimia -0.1, yaani ulisinyaa. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani wakalitumia kutetea kubana matumizi. Mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alipewa zoezi la darasani la kurudia mahesabu ya andiko fulani. Akachagua hilo. Yakagoma. Akaomba faili lenyewe, akapewa, akakuta kanuni ya wastani imeishia njiani na kuziacha nchi tano. Kulikuwa na kasoro nyingine pia, za takwimu zilizoachwa na namna ya kuzipima. Yeye na walimu wake wakapata asilimia 2.2. Wenyewe walikiri kosa la kanuni, ingawa waliendelea kutetea hoja yao kwa ujumla. Mnaona? Mwanafunzi, zoezi la darasani, na faili lililofunguliwa mbele ya macho ya mtu mwingine.

Sasa lile sharti. Lahajedwali peke yake halimfanyi mtu ashirikiane. Ukiwapa watu sita kompyuta moja na swali moja, utapata mmoja anayefanya na watano wanaotazama. Inabidi kila mtu awe na kipande ambacho wenzake hawana na wanakihitaji. Elliot Aronson alilijaribu hilo mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipoanza kuchanganya watoto weupe na weusi na Walatino: kila mtoto alipewa kipande cha somo, kwa hiyo wakalazimika kusikilizana. Mstari wa jedwali unafanya kazi hiyohiyo. Mstari wako ukiwa mtupu au mbovu, wastani wa darasa zima unayumba, na wenzako watakuja kukuuliza. Kwa adabu au bila adabu, lakini watakuja.

Na karatasi msiitupe. Bila wale wa kalamu, 3,043 ingekuwa jibu sahihi mpaka leo. Hata umeme ulipokatika wiki iliyofuata tulichora jedwali ubaoni, kila kikundi na mstari wake, na ukaguzi ukaendelea.

Walimu wenzangu mliopo makazini, hasa wenye madarasa ya watoto 80 na kompyuta moja, nyie mnagawaje vipande? Niambieni, nami nitajaribu nikiajiriwa, Mungu akipenda.

Ngoja niiwahi ripoti. Tuonane wiki ijayo.